Kombo na Rangi ya Methili Oranji

Vijana wanaoshika maabara sasa wameniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya kusomesha kemia fom faivu na fom siksi hapa Pemba. Mmoja wao akanambia, "Bi Zuwena, tuandikie yale yasiyomo vitabuni." Nimekaa barazani kwangu hapa Wawi, nimefikiri, nikaona mengi ya vitabuni nimeshayasahau, kwa hivyo ombi lake halina taabu. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na baibui jipya, la mikono mipana kama mabawa ya popo. Nilikuwa nimetoka chuoni, narudi kusomesha katika skuli ileile niliyosomea, na nilitaka nionekane mwalimu. Mlangoni mwa maabara alisimama Mwalimu Lusajo, mkuu wa somo letu, mtu wa Tukuyu aliyehamia Pemba na mkewe zamani, warefu wote wawili. Aliniamkia kwa heshima, kisha akanipa kikopo.

"Karibu, Mwalimu. Kabla hujaingia, chukua pini."

Ndani ya kikopo mlikuwa na pini za mtandio, kubwa na ndogo.

"Za nini, Mwalimu?"

"Za mikono. Hilo baibui lako ni zuri sana, na moto hauna adabu na vitu vizuri."

Nikajifunga mikono, nikapachika pini, nikaingia nimebanwa kama kifurushi. Wasichana darasani, ambao walikuwa wachache, walicheka kwa kuwa nao walikuwa wamefungwa vilevile. Ndilo somo la kwanza la kemia nililopewa kama mwalimu, na mpaka leo naliweka mbele ya jedwali la elementi. Kikopo kiwe mlangoni, si kabatini. Kikiwa kabatini hakuna atakayekifuata.

Maji yalikuwa shida yetu ya kila siku. Bomba likikohoa kidogo asubuhi lilikuwa limemaliza kazi, na sisi tulijaza ndoo kutoka kisimani nyuma ya dahalia walimolala wanafunzi. Maji ya kisima yale yana chokaa. Mwanafunzi akisuuzia nayo flaski halafu akapima tindikali, hesabu yake inapotea naye hajui imepotelea wapi. Mwalimu Lusajo alitufundisha kuvuna maji ya mvua kwenye paa la bati, lakini si ya mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza huliosha paa, alisema, tuiache ifanye kazi yake. Tukishayavuna tuliyachemsha, tukaukusanya mvuke, na tuliyatunza maji yale kama asali. Alikuwa akiosha vyombo vyake mwenyewe huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzito, na wanafunzi wetu, watoto wa madrasa, walizijua tuni zote. Nilipata kumsikia mmoja akipiga mluzi mojawapo njiani akienda kusali alasiri.

Kisa cha Ramadhani ninakipenda sana. Zama zile pipeti tulikuwa tukizivuta kwa mdomo. Unaweka ncha kwenye alkali, unanyonya mpaka alama, unaziba kwa kidole. Ilipoingia Ramadhani, siku ya mazoezi ya vitendo, darasa zima lilisimama mbele ya meza na hapana aliyenyanyua pipeti.

"Mwalimu," alisema kiranja wao, "sisi tumefunga. Na ikipita kooni?"

Mwalimu Lusajo hakubishana. Alivua koti lake la maabara, akenda kwa Shehe Hamad, imamu wa msikiti uliokuwa jirani na skuli, nami nikamfuata kwa kuwa swali lenyewe lilinihusu. Akamweleza yote, na pipeti akamwonesha. Shehe akaigeuzageuza.

"Kisichopita kooni hakifunguzi," alisema. "Lakini Mwalimu, mie nna swali langu. Hiyo dawa munayowavutisha watoto, inababua?"

"Ikiwa kali, inababua, Shehe."

"Basi na baada ya futari isiwaingie midomoni."

Mwalimu Lusajo alitazama chini, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Tulirudi skuli, tukatafuta mabomba ya sindano mapya, tukayaunga na vipande vya mpira kwenye pipeti, na tangu mwezi ule hapana mtoto wetu aliyenyonya alkali tena, mwenye kufunga wala asiyefunga. Vile vipira vya kuvutia vya kununua vilikuja baadaye sana.

Kuna na siku ya makonyo. Nilikuwa nimechoka kueleza kukeneka, yaani kutoa mafuta kwa mvuke, kwa mifano ya vitabuni, maua ambayo sisi hatujapata kuyaona. Nikaenda kwa jirani, nikachukua gunia la makonyo, vile vijiti vya karafuu vinavyobaki zikishachambuliwa. Tukayatia kwenye chombo, tukapitisha mvuke, na mafuta yakaanza kudondoka, yamejitenga na maji wazi kabisa. Skuli nzima ilinukia. Mwalimu wa jiografia wa chumba cha pili alikuja ameshika shavu, akaomba tone moja la jino. Alipona kwa mchana ule, na wanafunzi wangu hawakuisahau mada ile. Kitu kilichopo uani kwenu kisomesheeni. Vitabu havitakasirika.

Mwalimu Lusajo alistaafu akarudi kwao, na funguo za maabara zikaja kwangu. Miaka mingi baadaye nikampata Kombo.

Kombo alikuja fom faivu akiwa mwembamba, mpole, shati limechomekewa vizuri. Baba yake alikuwa ameshafariki, na mama yake, Bi Raya, alikuwa akilima na kuchuma karafuu hukuhuku Wawi, si mbali na kwangu. Kwenye nadharia mtoto yule alikuwa hatari. Hesabu za moli alizimaliza kichwani wenzake wakiwa bado wanatafuta kalamu. Jioni aliwakusanya dahaliani akawaeleza kemia ya kaboni, na kusema kweli baadhi yao walimwelewa yeye kuliko mimi. Alitaka kusomea ufamasia. Hakulisema hilo kwa kujigamba, alilisema kama mtu anayetaja njia ya kwenda kwao.

Ilipofika taitresheni, ile kazi ya kudondosha tindikali kutoka kwenye bureti mpaka kiashiria kibadilike rangi, nikamwona anafanya vizuri pia. Sikuwa na la kumwuliza. Meza moja alikaa na Salma, binti kutoka Wesha, mcheshi, mwenye kikohozi kisichokwisha. Nilimwambia Salma mara kadhaa aende hospitali. "Nishapoa, Mwalimu," ndilo jawabu lake.

Siku moja Salma alikuwa mgonjwa kweli, homa, hakuja. Siku hiyo kazi ya Kombo ilikuwa kichekesho. Vipimo vyake vitatu havikukaribiana hata kidogo. Flaski zake zilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, tindikali imepita mbali, naye amesimama bado anadondosha, uso mtulivu, jasho linamtoka.

"Kombo, husimami?"

"Bado kidogo, Mwalimu."

Bado kidogo! Nikaitazama flaski, nikamtazama yeye, nikapita meza ya pili.

Wiki iliyofuata Salma alirudi na kikohozi chake, na vipimo vya Kombo vikarudi kuwa vizuri. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza. Salma alikuwa hakohoi ovyo. Alikohoa mara moja kwa kila flaski ya Kombo, na kila alipokohoa Kombo alifunga bureti.

Niliwaita wote wawili. Wakanitazama kwa macho ya malaika.

"Ni vumbi la chaki, Mwalimu," alisema Salma.

"Maabara hii ina ubao wa kalamu, Salma."

"Basi ni la zamani."

Niliwaacha waende. Nilijua pana kitu, na nilijua kuwa kwa kuwabana tu nitapata uongo mzuri zaidi.

Kitu chenyewe nilikipata kwa mama yake. Ulikuwa msimu wa karafuu, skuli imefungwa, nami nilipita kwa Bi Raya kumpa pole ya kazi. Uani watu walikuwa wamezunguka jamvi wanachambua. Kombo alikuwa miongoni mwao, amekaa na bibi wawili na watoto, wakati vijana wa rika lake wote walikuwa juu ya miti.

"Huyu mbona hapandi?" nilimwuliza Bi Raya kwa utani. "Anaogopa?"

"Kuogopa! Anapanda kama komba. Lakini tumemkataza. Akichuma huyu, anachuma tu. Zilizoiva, zilizo changa, zote kapuni. Nishamgombeza tangu mdogo, 'Wee huoni hii imeshaanza wekundu na hii bado?' Anajibu, 'Naona, mama.' Kesho yake yaleyale. Basi nikamwambia kaa jamvini, mwanangu, mti si riziki yako."

Wenzake pale uani wakacheka, na Kombo naye akacheka. Mimi kicheko changu kilikatika katikati.

Skuli ilipofunguliwa nilimwita peke yake maabara, mchana, madirisha wazi. Nikaweka flaski mbili juu ya kigae cheupe. Zote zilikuwa na kiashiria cha methili oranji, moja nimeitia alkali ikawa ya manjano, moja nimeitia tindikali ikawa nyekundu.

"Kombo, ipi nyekundu?"

Alizitazama muda. Akainama akazinusa. Akaziinua kwenye mwanga. Kisha akazirudisha mezani polepole.

"Mwalimu, usinitoe sayansi."

"Nani kasema habari ya kukutoa?"

"Najua. Asiyeona rangi atafanya vipi kemia? Nikisema, n'tapelekwa kusoma historia. Historia sina ubaya nayo, lakini mie siitaki."

Nilimkalisha. Akanieleza kuwa alijua tangu madrasa, watoto walipokuwa wakimwomba penseli ya kijani naye anawapa ya hudhurungi. Rangi nyingine aliziona, buluu aliiona vizuri, lakini nyekundu na kijani na yaliyo baina yao yote yalimchanganyikia. Salma aligundua siku ya kwanza tu walipokaa meza moja, na kikohozi ilikuwa shauri lake Salma.

"Na kwenye mtihani mutakaa mbalimbali," nilimwambia. "Mutafanyaje?"

"Ndilo linalonikosesha usingizi, Mwalimu."

Mimi pia lilinikosesha. Mtihani wa vitendo hauna huruma. Kiashiria kinachotajwa ndicho kinachotumika, na mtoto asiyejua lini asimame anaweza kupoteza alama za kumfungia mlango wa chuo. Nilimpigia simu Mwalimu Lusajo kule Tukuyu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijui dawa yake," alisema. "Lakini umesema mtoto ana akili. Umemwuliza yeye?"

Sikuwa nimemwuliza. Kesho yake nikamwuliza, Salma akiwepo, maana sasa siri ilikuwa yetu sote.

Kombo alichukua chaki... nasahau, alichukua kalamu ya ubao, akaandika kisha akafuta. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini kitu chekundu kinakuwa chekundu?"

"Kwa sababu kinameza mwanga wa kijani kinaturudishia mwekundu. Hayo umenieleza wewe wiki iliyopita."

"Na hii ya manjano, kijani inakipitisha?"

"Inakipitisha."

"Basi nikitazama kwa mwanga wa kijani mtupu, ya manjano si itakuwa na nuru? Na nyekundu, ambayo imekimeza kijani chote..."

Hakumaliza. Salma alikuwa keshatoka mbio. Alirudi na chupa tupu ya soda, ile ya plastiki ya kijani, ameichukua sijui wapi, bado ina tone chini. Tukaiosha, tukakata kipande kwa mkasi, upana wa kiganja. Nikapanga bureti mbele ya dirisha, kigae cheupe chini, karatasi nyeupe nyuma. Kombo akashika kipande mbele ya jicho moja kama sonara, mkono mwingine kwenye bureti. Tone, tone, tone. Salma alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio asije akakohoa kwa mazoea.

"Imezima!" Kombo alipiga kelele, akafunga bureti. "Imezima, Mwalimu! Kulikuwa na taa ndani, imezima!"

Nikaitazama flaski. Ilikuwa rangi ya chungwa linaloanza kuiva, palepale panapotakiwa. Tukarudia, ikazima palepale. Tukarudia tena. Salma alicheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Yakhe, mie nishaachishwa kazi."

Nilifurahi, lakini nilijua kazi ya pili ndiyo kubwa. Mtu hawezi kuingia na plastiki ya soda katika mtihani wa taifa. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, Mzee Omar, mtu mwema aliyeogopa maneno kuliko nyoka.

"Bi Zuwena, utaniletea balaa. Watasema tumempa mtoto kifaa cha wizi."

"Shika uone mwenyewe."

Akashika, akatazama dirishani, akatazama meza yake, akanitazama mimi.

"Sioni cha kuiba humu," alikiri. "Kila kitu kijani tu."

"Na mtoto anayeingia na miwani, anaiba?"

Alishusha pumzi, akaniambia niandike maombi naye atie sahihi. Nikaandika, nikaambatisha cheti cha daktari wa macho, nikaeleza kemia yake yote. Majibu yalichelewa. Kila nilipomwona Mzee Omar alinipungia mkono wa bado. Kombo aliendelea kufanya mazoezi na kipande chake, na kwenye kuzitambua chumvi akajifunza kutegemea pua, na namna mashapo yanavyotuama, na kile kijani chake pale kinapofaa. Siku chache kabla ya mtihani ruhusa ikaja: mtahiniwa anaruhusiwa, msimamizi akikague kifaa kwanza.

Msimamizi alikuwa mama mmoja kutoka Unguja, miwani puani, hatabasamu. Alikichukua kipande, akakikunja, akakinusa, akakipitisha kwenye mwanga kutafuta maandishi. Kombo alisimama wima mbele yake.

"Hiki ni nini hasa?"

"Ni chujio la mwanga, Mama."

"Mbona kina harufu ya soda?"

"Kimetoka kwenye soda, Mama."

Akamrudishia. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha mchanganyiko wote, na kanuni inataka mwalimu wa somo asibaki ndani. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi za jengo la pili. Hapo ndipo nilipolisikia jambo lililonitoa roho: kikohozi cha Salma. Mvua zilikuwa zimempa mafua ya kweli. Alikohoa mwanzo wa mtihani, akakohoa katikati, akakohoa mfululizo kama gari inayokataa kuwaka. Nikawaza, yule mtoto amezoea miezi mingi kufunga bureti kwa kikohozi kile. Akifunga sasa, ameangamia. Nilisoma kila dua niliyoijua na nyingine nikazitunga.

Walipotoka nilimshika Kombo mkono kabla hajafika kwenye ukuta wa uwanja.

"Kikohozi hakikukuchanganya?"

"Kikohozi gani?"

Salma alikuwa nyuma yake, pua nyekundu, leso mkononi. "Nimekohoa mpaka mbavu zinauma, yule mama kanisimamia kichwani saa nzima, na huyu hakusikia!"

"Mie nilikuwa natazama taa," Kombo alisema.

Matokeo yalipotoka Bi Raya alikuja kwangu kabla sijafungua simu. Hakubisha hodi vizuri, aliingia tu, kanga moja kichwani nyingine mkononi.

"Mwalimu, wanambia kapasi. Wanambia vizuri. Mie sijui kusoma herufi zao hizo. Nisomee wewe."

Nikamsomea. Kemia ilikuwa juu kuliko masomo yake yote. Akanitaka nisome tena, nikasoma. Akakaa chini sakafuni, akawa anacheka peke yake.

"Na mie nilimwambia mti si riziki yake," alisema. "Kumbe nilisema kweli bila kujua."

Salma naye alifaulu, anasomea uuguzi. Namwombea wagonjwa wake wasimfuatishe kukohoa.

Kombo alivuka kwenda bara kusomea ufamasia. Mimi nilibakisha muhula mmoja nistaafu, na wiki ya kukabidhi maabara nilikuwa ghalani na Mwalimu Nassor, kijana aliyenirithi, tunahesabu flaski zilizo nzima na kuzisamehe zilizopasuka, simu ikalia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Uhali gani huko?"

"Mzima. Mwalimu, leo ndiyo tumeingia maabara mara ya kwanza. Watu wengi, wanatoka kila mkoa. Yule mhadhiri kabla ya kuanza akauliza kama kuna mwenye tatizo lolote aseme. Kimya. Nikasema moyoni, nikinyamaza leo n'tanyamaza miaka yote. Nikanyoosha mkono. Nikasema kwa sauti, mie sioni nyekundu na kijani."

"Wakakucheka?"

"Hawakucheka. Nilipogeuka nyuma, Mwalimu, palikuwa na mikono mingine miwili juu."